Shanga za Mavi ya Mbweha

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha chuma, katika chumba cha mikutano cha makumbusho ya mjini, naitukana serikali kwa sauti yote niliyojaliwa. Mkono mmoja nimeshika sinia la chai, mkono mwingine birika tupu, navigonganisha kama mtu anayefukuza kunguru shambani. Msichana aliyeleta chai alikimbilia nje. Mkurugenzi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kama samaki aliyetupwa juu ya theluji. Na chini yangu, kwenye kona ya meza, mke wangu alikuwa ameinama sikioni mwa kijana mmoja mwenye miwani, ananong'ona. Kila niliponyamaza kuvuta pumzi, alininyooshea kidole bila hata kugeuka. Endelea.

Wakubwa wale bado wanahadithiana kuwa mzee wa bondeni alishikwa na wazimu. Waache waseme. Nilitumwa na mke wangu, na alinituma kwa ajili ya shanga.

Jina lake silitaji. Kwetu sisi Waainu, wenyeji wa kaskazini mwa Japani, jina la aliyekufa huachwa lipumzike, nami nina sababu zaidi ya hiyo: nikilitaja nyumba hii itaitika, na mimi sina pa kukimbilia.

Kwetu pia mtoto mchanga hapewi jina zuri. Anaitwa Kinyesi, anaitwa Donge la Uvundo, mpaka asimame kwa miguu yake, ili pepo wa maradhi akipita nyuma ya ukuta asikie uchafu tu na aende zake. Watu wengi desturi hiyo huiacha mtoto akishapata jina lake. Mama mkwe wangu hakuiacha. Alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, akaja mchuuzi wa nguo akamshika mashavu, akasema lo, mtoto mzuri kama mwezi. Kabla theluji haijayeyuka mtoto hayupo. Tangu siku hiyo yule mama hakusifu kitu tena chini ya jua. Mabinti zake wawili aliwalea kwa matusi, wakanawiri, na mmoja wao akawa mke wangu.

Basi mke wangu alitukana kila alichokipenda. Sufuria yake bora ilikuwa Kopo la Mzoga. Mbwa wetu, ambaye alimlisha kwa mkono alipozeeka, aliitwa Kuhara. Na mimi? Siku moja mama yake alimwuliza, "Yule kijana wa ng'ambo ya mto yukoje?" Akajibu, "Ananuka." Mama yake akaenda kutwanga mtama wa harusi.

Maisha yetu yote aliniita Mnuko. Mke wa karani wa posta, mwanamke mwema wa Kijapani, aliwahi kunivuta pembeni akanipa pole. Nilimshukuru. Ningemwelezaje kwamba asubuhi mke wangu akiniambia "Amka, Mnuko, uso wako unatisha kuku," mimi nilivaa viatu vyangu kama waziri anayekwenda kuapishwa?

Shanga alizipata kwa mama yake, aliyezipata kwa mama yake. Ulikuwa mkufu mzito, na bamba la shaba linaning'inia kifuani. Shanga kubwa za buluu kama macho ya barafu, na kati yake ndogo nyeusi, nyeupe, na za kijani kibichi kama maji ya mto chini ya daraja. Alizivaa siku za kuwapa mababu pombe na chakula, basi. Hatukujaliwa mtoto. Shanga zingekwenda kwa Chiyomi, binti wa dada yake, mwuguzi wa wazee pale ng'ambo ya mto, mwanamke wa kucheka kwa sauti, ambaye alimwita mke wangu mama mkubwa na mimi baba mkubwa tangu hajaota meno.

Lakini kutoa si kutupia tu mtu mapajani. Mama yake alimfundisha kwamba anayetoa shanga humwambia anayepokea zilikotoka, la sivyo ni kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Na hapo ndipo palipomkwama. Aliwajua wanawake waliozivaa, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka kwa nyanya wa nyanya yake. Nyuma ya huyo palikuwa na ukungu. Mama yake alisema zilivuka bahari. Bibi yake alisema mtu fulani alizinunua kwa manyoya ya tai. Kwa nani, wapi, hakuna ajuaye. Na kifua chake kilikuwa kimeanza kukoroma kama jiko lenye kuni mbichi, na daktari wa zahanati alikuwa ameacha kututazama usoni.

Ndipo akaja Kitagaki, vuli, majani ya mipopla yakiwa njano. Alikuwa kijana wa makumbusho, viatu vimejaa tope, miwani imefungwa kwa uzi. Mimi sipendi watu wa makumbusho. Walikuja zamani wakapima vichwa vya wazee wetu, wakaondoka na mifupa. Wajapani, wenye nchi hii, wakikutembelea, baadaye hesabu vijiko. Lakini huyu alikunywa supu ya samoni mpaka akalamba bakuli, na mke wangu alikuwa na udhaifu kwa watu wenye njaa.

Aliweka kinasa sauti mezani, akakiwasha, akauliza kwa adabu, "Bibi, shanga hizi zimetoka wapi?"

"Shingoni mwa mama yangu."

"Na kabla ya hapo?"

"Shingoni mwa mama yake."

"Na kabla ya hapo, bibi?"

"We kijana, shingo zinakuchosha? Ulitaka ziwe zimechimbwa kama viazi?"

Kitagaki akacheka, akasema kioo ni mchanga uliopikwa, na mchanga hausahau kwao. Ukichukua unga kidogo tu wa kioo na kuupima, utajua ulipikwa nchi gani, na ulipikwa na nini. Nilimwona mke wangu anaacha kufuta meza. Mchanga hausahau kwao. Maneno hayo yalimwingia.

Kisha kijana akaharibu. Aliuinua mkufu dirishani, jua likapita ndani ya zile kubwa, buluu ikammwagikia mkononi mpaka kwenye kiwiko. "Lo, bibi!" akasema. "Ni nzuri ajabu!"

Mke wangu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Nzuri nini! Mavi ya mbweha tu hayo! Yameokotwa njiani!" Akatema mate jikoni, upande huu na upande huu.

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka.

Alimwazima Kitagaki mkufu ule kwa msimu mmoja wa baridi. Alimfungia katika kitambaa cha kichwa chake mwenyewe, akamwambia, "Nataka kujua, unasikia? Nataka kumwambia mtu." Kitagaki akaondoka nazo kwenye basi la jioni.

Baridi ilipokaza, duka la bondeni likapata simu yetu. Nilikwenda mimi. Aliyepiga alikuwa Kitagaki. Mkurugenzi alikuwa anaandaa maonyesho makubwa, wageni wanatoka hadi mji mkuu, na alitaka majibu ya shanga haraka. Si kukwangua unga kidogo. Kusaga shanga nzima nzima. Makumbusho ilikuwa na kanuni: kitu ambacho mwenyewe amekiri ni cha thamani hakisagwi bila ridhaa yake. Kitu ambacho mwenyewe amesema ni takataka, hicho ni cha kusagwa. Na Mkurugenzi alikuwa amesikiliza ule mkanda.

"Nimemweleza, mzee," akasema Kitagaki. "Anasema yeye anafuata kauli ya mwenye mali. Bibi mwenyewe aje aseme. Neno moja tu. Aseme zina thamani."

Nilirudi nyumbani juu ya barafu natafuta namna ya kulisema hilo. Watu wote duniani wangeona ni jambo dogo.

Alilisikiliza lote. Akakaa chini karibu na jiko. "Neno moja," akasema.

Tulikwenda kwa treni ya pwani, watatu, Chiyomi akimshika mkono. Bahari ilikuwa ya kijivu, povu limeganda juu ya mawe. Chiyomi alijaribu njia nzima.

"Mama mkubwa, sema tu. Hakuna atakayesikia ila watu wa ofisi."

"Mchuuzi wa nguo naye alisema tu."

"Ile ilikuwa homa. Ilipita kijiji kizima mwaka ule."

"Ilipita, ndiyo. Ikasikia mahali pa kuingia." Kisha akamwangalia binti wa dada yake, yule mwuguzi mwenye mikono mikubwa myekundu. "Unadhani naogopea nafsi yangu? Mimi nimekwisha. Zikitoka kwangu zinakwenda kwa nani? Nizisifu leo, kesho nikuvishe wewe shingoni?"

Chiyomi aliushika mkono wake kwa mikono miwili mpaka stesheni.

Chumba kilikuwa na joto la kulaza watu. Mkurugenzi alikuwa mtu safi mwenye sauti laini. Wanaofanya mabaya kwa kanuni siku zote wana sauti laini. Mkufu ulikuwa umelazwa juu ya karatasi nyeupe, uzi umeshakatwa. Alieleza, akaomba radhi kwa usumbufu, akabonyeza kidude.

Sauti ya mke wangu ikajaa chumbani. *Mavi ya mbweha tu hayo! Yameokotwa njiani!* Na nyuma yake, mimi, nacheka kama punda.

Wakubwa wakatabasamu wakitazama meza. Mke wangu aliinamisha kichwa upande mmoja. "Nimezeeka sauti," akasema.

"Ni kauli yako, mama?"

"Ni yangu."

"Unaikana? Ukisema tu kwamba shanga hizi zina thamani kwako, tunazifunga, unakwenda nazo. Hatuna ugomvi."

Alifungua mdomo. "Shanga hizi," akasema. Akaishia hapo. Nilikuwa sijawahi kumwona mke wangu akikosa neno. Saa ya ukutani ilisikika, na bomba la maji ya moto, na kalamu ya mtu fulani ikigongwa mezani. Ukimya wa aina ile ambao hata kitu kisicho na masikio kingesikia.

"Basi," akasema Mkurugenzi kwa upole, akavuta ile karatasi nyeupe upande wake.

"Mnuko," akaniita mke wangu.

"Naam."

"Miaka yote unaniambia una maneno ya kuwaambia watu hawa."

"Ninayo."

"Mengi?"

"Ya kutwa nzima."

"Yaseme sasa. Kwa nguvu. Usinyamaze mpaka nikwambie." Akamgeukia Kitagaki. "Zima kidude chako. Lete sikio."

Nikapanda kitini.

Nilianza na samoni. Niliwauliza nani aliwapa mto, hata wakampeleka baba yangu rumande kwa samaki mmoja aliyemvua nyuma ya nyumba aliyozaliwa. Niligonga sinia. Nikahamia kwenye habari za bwawa: mliinunua ardhi ya mababu wa mke wangu kwa bei ya mashua mbovu, mkazamisha mashamba ya mtama, mkatuwekea kibao cha shaba cha kutushukuru! Nikaeleza habari za shule, iliyonifundisha kusimama mlangoni na kuinama na mengine isinifundishe, maana mwalimu alisema watoto wetu hawashiki. Tazama kama hatushiki! Niliwaambia kuhusu mifupa ya babu yangu, iliyoko ndani ya kabati ya mtu mwenye shahada. Maneno yaliyoganda tumboni mwangu tangu utoto yakayeyuka yakatoka kwa mafuriko, na Chiyomi, Mungu amweke, akaanza kupiga meza kwa viganja viwili na kuitikia "Hoy! Hoy!" kama wanawake wetu wanavyofukuza balaa.

Katikati ya kelele zangu nilitupa jicho chini. Alikuwa anazipitia moja moja kwa kidole, shanga hadi shanga, mdomo wake ukigusa sikio la kijana. Uso wake sikuufahamu. Nimelala kando ya uso ule tangu ujana wetu na sikuwahi kuuona vile: ulikuwa wazi, kama dirisha ambalo mtu ametoa mbao za msimu wa baridi. Nilitaka kunyamaza nisikie. Ningetoa samoni wote wa mto nisikie. Lakini nilikuwa na kazi, nikaongeza sauti.

Mara moja tu Kitagaki aliinua macho akanitazama mimi, juu kule kitini, na miwani yake ilikuwa na ukungu.

Mwishowe mke wangu akainua kiganja. Nikanyamaza. Masikio yalikuwa yanavuma.

"Amesema nini?" akauliza Mkurugenzi.

Kitagaki alisimama. "Amesema zina thamani."

"Hilo tu? Muda wote huo?"

"Kwa kirefu kidogo," akasema Kitagaki.

Walizifunga wakatukabidhi. Stesheni, nikiwa sina hata mnong'ono uliobaki kooni, mke wangu aliniletea maziwa ya moto kwenye kikombe cha karatasi. "Umebweka vibaya sana," akasema. "Kama Kuhara akiumwa tumbo." Akanifunga skafu yake shingoni, akaikaza mpaka nikakohoa.

Alizitunga upya mwenyewe, taratibu, akipumzika kati ya shanga na shanga. Siku alipomvisha Chiyomi nilitolewa nje. Ni mambo ya wanawake. Nilipasua kuni. Waliponifungulia, Chiyomi alikuwa amevimba macho na mkufu ulikuwa ndani ya sweta yake, hauonekani. Mke wangu alisema supu imeungua kwa sababu yangu. Hakuiona theluji ikiyeyuka.

Zahanati ilisema ingeweza kumpeleka hospitali kubwa mapema, lau gari la wilaya lingekuwa na matairi ya barafu. Mtu fulani mahali fulani hakutia sahihi. Nitalisema hilo mpaka nife na halitabadilisha kitu, lakini nitalisema.

Kitagaki alikuja matope yalipoanza. Hakujua. Alisimama mlangoni, akaniona mimi, akaona upande wa jiko ulivyo mtupu, akavua miwani. Chiyomi alikuwa ananipikia siku zile. Alimvuta ndani akampa bakuli.

Alikuwa na majibu. Shanga moja ndogo ilikuwa imepasuka tangu zamani, na nyingine chache alizikwangua ndani ya tundu kabla hazijafungwa, kwa ruhusa aliyopewa siku ile ile sikioni. Zile kubwa za buluu, akasema, zilitoka kaskazini: kioo kilipikwa bara, ng'ambo ya bahari, kikashuka na mto mkubwa, kikavuka kisiwa hadi kisiwa mikononi mwa wachuuzi mpaka kwetu. Hapo mama mkwe wangu alikuwa sahihi. Lakini zile za kijani, na karibu zote ndogo, zilitoka kusini. Osaka. Viwanda vya Wajapani.

"Wajapani?" nikasema. "Wajapani hawa hawa?"

"Wa zamani, mzee."

Nilikuwa nimepanda juu ya kiti na kuwatukana mbele ya shanga walizozipika wenyewe. Chiyomi alianza kucheka kwanza, kicheko chake kile cha ng'ambo ya mto, nami nikafuata, mara ya kwanza tangu mazishi. "Mchanga ni wao," akasema Chiyomi, akijifuta macho. "Shingo ni zetu. Mama mkubwa alishasema."

Kitagaki hakucheka. Alikuwa anazungusha bakuli mkononi.

"Siku ile alinieleza kila mmoja wao," akasema. "Nani alivaa ipi, na alikuwa mtu wa namna gani. Nitamweleza dada Chiyomi yote, hatua kwa hatua. Lakini mwishoni, shanga zilipokwisha, mzee bado ulikuwa unapiga sinia." Akaweka bakuli chini. "Akaona kelele bado ipo. Akakutaja na wewe."

"Alinitukana."

"Hapana," akasema Kitagaki.

Kuni zilipasuka jikoni. Sikuweza kumtazama yeyote. Mzee mzima, nilishikwa na woga kama mtoto aliyevuliwa nguo uwanjani. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelala chini ya matusi yake kama chini ya blanketi, na sasa kijana huyu ameshika ncha yake. Ningeweza kumwambia aondoke. Pepo wa maradhi angetaka nini tena kwangu, lakini mtu hajui.

"Chiyomi," nikasema.

"Abee, baba mkubwa."

"Chukua kifuniko cha jiko. Na koleo."

Aliniangalia kidogo, akaelewa. Alisimama katikati ya nyumba akaanza kupiga chuma kwa chuma, kwa mikono ile yake mikubwa, "Hoy! Hoy!" mpaka masizi yakadondoka kutoka bombani na mbwa wa jirani wakaanza kulia. Nikamsogelea Kitagaki. Nikainama, nikampa sikio.

Lilikuwa jambo fupi. Ningeliandika hapa, lakini kwenye karatasi kuko kimya mno.